Sikio la Filomena

Katika chumba cha upasuaji anamofanya kazi Filomena hapapigwi singeli, hata daktari awe nani. "Nyie mnatumia macho, mie natumia masikio," husema, na redio huzimwa.

Yeye ni mtaalamu wa usingizi katika hospitali moja ya Temeke. Kumlaza mtu, kwake, si kazi. Kazi ni kumrudisha na akili zake zote, maana ubongo hauna subira: ukikosa oksijeni dakika chache tu, anayeamka si yule aliyelala. Ndiyo maana huitegea sikio mashine inayobanwa kidoleni mwa mgonjwa. Oksijeni ikitosha, mashine hulia kwa sauti ya juu. Ikipungua, sauti hushuka. Na Filomena, mzaliwa wa Mtwara, anaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yao Chang'ombe, kwa hiyo sauti haishuki asijue.

Jumatatu moja alimpokea Bi Tabu, mpishi wa shughuli, aliyekuja kutolewa uvimbe tumboni. Kucha zake zilikuwa nyeusi ti kwa piko ya harusi ya juzi.

"Shikamoo, Bi Tabu. Unaogopa?"

"Marahaba, mwanangu. Naogopa kuamka zezeta, simjui hata mjukuu wangu." Kisha, kujipoza moyo, akaanza umbea wa harusi. "Basi Fakihi, baba wa bibi harusi, kajitia yeye ndo mpishi, kanizuia nisikanyage jikoni. Wageni washakaa, anafunua sufuria la pilau..."

Dawa ikamchukua hapo hapo.

Kazi ikiendelea, kitanda kiliinamishwa upande wa kichwa ili Daktari Kamugisha aone vizuri. Haukupita muda, mashine ikashuka sauti. Oksijeni asilimia tisini na tano. Tisini na moja. Themanini na sita.

"Piko hiyo," alisema Kamugisha bila kuinua uso. "Inaichanganya mashine. Tuendelee."

"Piko kaja nayo toka kwake, daktari, na mashine ilikuwa inaimba vizuri. Hii imeshuka sasa hivi. Simama!"

Filomena akasikiliza kifua: kulia pumzi zinaingia, kushoto kimya. Kitanda kilipoinama, mpira wa hewa aliompitishia kooni ulikuwa umezama mno, unalisha pafu moja tu. Akauvuta nyuma kidogo, taratibu. Kushoto kukaitika, na sauti ya mashine ikapanda mpaka mahali pake.

"Samahani, sista," alisema Kamugisha.

Lakini mashine haisemi kilichobaki kichwani. Baadaye Filomena alikaa kando ya kitanda roho juu, akimwita mama wa watu kwa jina. Bi Tabu akafumbua macho, akamkodolea kitambo kirefu. Filomena akaogopa kwelikweli.

Bi Tabu akalamba midomo.

"Basi kafunua sufuria," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "kumbe moto hakuwasha!"

Filomena alicheka huku machozi yakimtoka, na alipopata pumzi akauliza, "Ehe, halafu?"