Dirisha Lililozibwa kwa Pamba

Saa moja asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mfumaji anapita dirisha hadi dirisha, furushi la takataka za pamba kwapani. Anachomoa kipande, anakisokota kwa vidole, anakishindilia kwenye ufa. Upepo mkavu ukiingia, uzi unakatika. Uzi ukikatika, mashine inasimama. Na hapa mtu halipwi kwa kusimama. Analipwa kwa mita.

Akimaliza anarudi kwenye mashine yake na kuchukua kile kijiti cha mbao kinachopeleka uzi huku na huku, ambacho wenyewe hukiita mtumbwi. Uzi hupitia kitundu cha pembeni. Ipo ndoano ya kuuvutia, lakini ndoano inakula muda. Anaweka mdomo kwenye kitundu, anavuta pumzi mara moja, uzi huo hapo. Anatema vumbi, anawasha.

"Tunaita kumbusu bwana," anasema. "Bwana mwenyewe hana shukrani."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, siku yake ya mwisho kwenye mashine, ingawa hakujua.

Leo amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, blanketi magotini, anaongea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Wafumaji wote wako hivyo. Miaka kumi na tisa kati ya mashine sitini za chuma imemwachia masikio ya mapambo tu. Mle ndani hawasemezani kwa sauti, husomana midomo. Wa mstari wa mwisho anaweza kumteta msimamizi mbele ya uso wake, na mstari wa kwanza ukacheka.

"Ndiyo maana hawakunigundua," anasema. "Mle ndani unaweza kukohoa mwaka mzima, hakuna atakayekusikia."

Na kweli alikohoa tangu mwaka jana. Akakonda, wenzake wakamtania kwamba anajipunguza apate mume wa pili. Jasho la usiku akasema ni joto la bati. Hospitali hakwenda, kwa sababu ya binti yake. Pale kiwandani mfumaji akichoka humwachia binti yake mashine, kama wengine wanavyoachiana shamba. Yeye mwenyewe aliachiwa na mama yake mzazi.

"Nilitaka nimwachie kitu," anasema. "Nikasema nijikaze mpaka ajue kazi."

Binti ndiye mwenye shule nyumbani. Jumapili humsomea mama yake kitabu cha historia: dola za kale, misafara ya ngamia iliyovuka jangwa, sehemu ambako vipande vya nguo vilitumika kama fedha. Hapo mama alipapenda. "Kumbe tungekuwa tunajifumia mshahara," alisema.

Kisha kitabu kikafika kwenye mashine za mvuke. Nguo za kiwandani zikawa rahisi, wafumaji wa mikono wakakosa kazi, wanawake na watoto wakafungiwa kwenye majengo yenye vumbi, wakivuta uzi kwa mdomo.

Mama akamkatiza. "Hao si ni sisi?"

"Hapana, mama. Hiyo ni zamani, ng'ambo. Huko walishakataza."

"Walipokataza, mashine walizipeleka wapi?"

Binti alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akasema kitabu hakisemi. Ubavuni mwa mashine ya mama kuna kibati chenye maandishi ya kigeni, kimelika mpaka mwaka hausomeki.

Jumatatu ile binti alikuja kujifunza. Mama alimwonyesha namna ya kusimama, namna ya kukaza nyuzi, kisha akageukia uzi uliokatika upande wa pili. Alipogeuka tena, binti alikuwa ameinua mtumbwi uleule, midomo imeshagusa.

Mama alimpiga kofi la mkono, kijiti kikaruka. Binti akamtazama kwa mshangao. "Nimekosea nini?" midomo yake ikauliza.

Mama akajibu kwa midomo, kwa mazoea tu, bila kufikiri: "Usiweke mdomo hapo. Naumwa kifua."

Mashine ya jirani ikasimama. Jirani huyo ni shoga yake wa miaka mingi. Ikasimama ya nyuma yake, kisha mstari mzima, mpaka jengo likanyamaza, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akikohoa.

"Tangu lini?" shoga akauliza, kwa sauti sasa.

"Tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana, na mimi nakuita dada."

Zahanati wakasema ni kifua kikuu. Alimweleza muuguzi habari ya kijiti, jinsi alivyomuwahi mtoto. Muuguzi akamuuliza kuhusu madirisha.

"Ugonjwa huu njia yake ni hewa, mama," alimwambia. "Wewe unakohoa, mwenzako anavuta. Dirisha likiwa wazi hewa inatoka. Likifungwa, mnagawana. Nani ameyafunga?"

"Nilimnyang'anya kijiti nikadhani nimemwokoa," anasema sasa. "Kumbe nilikuwa nawagawia wote, yeye na shoga yangu, na madirisha niliyaziba kwa mkono wangu."

Binti amepimwa, hana ugonjwa, ila anameza dawa za kinga. Wanne wa mstari ule wamekutwa nao. Shoga ni mmoja wao.

Sisi wenye mabinti tusikie. Binti akipata kazi tunauliza mshahara, tunauliza bosi ana tabia gani. Tuulize pia hewa inaingilia wapi.

Madirisha yalifunguliwa wiki moja. Uzi ukakatika mno, mita zikapungua, na wafumaji wenyewe wakarudi na pamba. Msimamizi, ambaye kwa utani wanamwita Mita, hana hatia ya kukiri. "Mimi sijaziba hata moja," anasema. "Nendeni mkaone nani ana pamba mkononi."

Mita alikubali kumshikia binti nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Binti akaitaka.

"Nitafungua dirisha langu," alimwambia mama yake.

"Utalifungua mpaka siku ya mshahara tu," mama akamwambia. "Na mimi nilianza na ndoano."

"Sasa tutakula nini?"

"Tutakula kidogo."

Dawa ni za miezi sita. Akizimaliza, mfumaji anataka kuomba kazi ya kufagia uani, kwa nusu ya alichokuwa akipata, lakini juu ni mbingu tupu. Mita hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Juzi Mita alipiga simu kuuliza. Mama aliiwahi kabla binti hajanyanyuka. "Haji," akasema. "Mpe mwingine."

Huyo mwingine alipatikana siku hiyohiyo. Naye ana mama yake.

Tangu hapo binti hajamsemesha. Asubuhi anamwekea dawa na kikombe cha maji mezani, kisha anatoka bila kumwangalia. Mfumaji anamsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara.

"Ananichukia," anasema. "Acha anichukie. Azeeke akiwa ananichukia, mimi nitashukuru."