Mkokoteni wa Nyungu Kwenda Sindo

Enzi zetu, mtu akitoka Macalder kwenda Sindo hukumuuliza kama amefika. Ulimuuliza kama bado ako hai. Nyinyi wa rika langu, mliocheza mchezo wa kati na mpira wa makaratasi na soksi ya mtu ambaye mpaka leo anaitafuta, mnajua ninachosema. Hawa watoto wetu boda ikichelewa kidogo wanapiga simu nyumbani wakilia kama wametekwa nyara.

Kwetu Macalder wanaume walichimba dhahabu. Dani, ndiye bibi yangu mzaa baba, alichimba udongo kando ya mto Kuja akafinyanga nyungu, na katika hao wachimbaji wote ni yeye peke yake niliyemuona akila kila siku. Likizo ya Agosti ikifika, alikuwa anapanga nyungu kwa mkokoteni, anazifunika na nyasi kavu kama watoto wachanga, anafunga turubai juu, halafu tunaondoka. Huo mkokoteni ulikuwa duka, jiko, na kitanda. Ukiamka na kisigino cha Dani kwa mbavu, unajua umelala vizuri. Ng'ombe walikuwa wawili, Rateng' mweusi na Silwal wa kahawia, na aliyewaswaga ni Baba Mdogo Odero, kitinda mimba wa Dani, kijana wa kupiga mluzi na kunichokoza.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa darasa la tano, mwanafunzi hodari sana wa kufagia. Masomo yenyewe yaliniacha baadaye, au mimi niliyaacha, hatujawahi kukubaliana. Baba alikuwa amefariki, na Mama akaenda Sindo, ufuoni mwa ziwa, kukausha omena, wale dagaa wadogo, ndio tule. Tulikuwa hatujaonana tangu likizo kama hiyo ya mwaka uliopita. Dani akamtumia neno kupitia kwa mama mmoja muuza samaki: tunakuja, utungoje.

Sasa, wa mbali wanielewe. Omena huvuliwa usiku wa giza, na taa. Mwezi ukikomaa, omena haifuati taa tena, maboti yanalala ufuoni, na wanawake wanaokausha wanatawanyika. Mama, kazi ikisimama hivyo, alikuwa anavuka maji kwenda kisiwani kumlimia dada yake, harudi mpaka giza lirudi. Kwa hivyo ilikuwa lazima tufike Sindo mwezi ukiwa bado mdogo. Tulipoondoka nyumbani ulikuwa kama ukucha uliokatwa. Watoto wengine waliuimbia. Mimi kila jioni niliutazama ukinenepa, na kama mawe yangu yangefika, ungekuwa na alama mpaka leo.

Na Dani hakuwa na haraka. Nyungu haikuuzwa kwa pesa. Unachukua nyungu, unaijaza mahindi, mahindi yanabaki kwa Dani na wewe unabaki na nyungu. Halafu hayo mahindi ndiyo yabadilishwe na omena Sindo. Ni rahisi ukisikia hivyo, lakini kila boma lilikuwa kesi. Mwenye mahindi anamwaga polepole, kwa mkono laini, ili yakae juu juu. Dani anachukua nyungu anaitikisa mpaka yanazama, inabaki nafasi.

"Dani, hiyo ni kupima ama ni kucheza densi?" mama mmoja karibu na Karungu alimuuliza.

"Nacheza, nyathina, mtoto wangu. Na wimbo haujaisha. Ongeza."

Kabla ya hapo kulikuwa na salamu. Dani akisalimia mtu alianzia kwa waliokufa ndio afike kwa walio hai, halafu kwa ng'ombe. Mimi niko hapo nimesimama kwa mguu mmoja, nakula nyoyo baridi, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu jana, nikitazama jua likishuka.

"Odero, si utachapa ng'ombe kidogo?" nilimwambia.

"Nikichapa, nyungu zinavunjika. Zikivunjika, Dani ananichapa mimi. Wewe shuka usukume."

Nilishuka nikasukuma. Kweli kabisa. Mtoto mkondefu kama fito, nasukuma mkokoteni unaovutwa na ng'ombe wawili, na Odero mbele anawaambia ng'ombe wapumzike, kuna trekta imekuja. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hiyo nchi, jamani. Baada ya Karungu, barabara ilikuwa ni udongo mweusi uliopasuka na miiba pande zote mbili. Unaweza kwenda asubuhi yote bila kukutana na mtu, unasikia tu gurudumu likilia na njiwa wakijibizana. Ziwa linaonekana kidogo kule chini, linang'aa, halafu mlima wa Gwassi unalificha. Nilikuwa natembea nyuma, peke yangu, kwa vumbi, nikiongea na mkia wa Silwal. Dani na Odero walikuwa wananipenda, sisemi hapana. Lakini kuna upweke ambao watu wawili hawawezi kujaza hata wakitikisa.

Tulipokaribia Magunga mwezi ulikuwa umevuka nusu, na bado nilikuwa na tumaini. Nikahesabu kwa kichwa: tukilala hapa, kesho jioni tuko Sindo. Hapo ndipo tukasikia kilio. Boma moja kando ya barabara lilikuwa limejaa watu, mzee wa hapo alikuwa amefariki. Dani hakuwajua. Hata jina hakulijua. Lakini aliinua mkono na Odero akasimamisha ng'ombe.

"Dani, twende tu," nikasema. "Hatuwajui."

"Watu wanalia, na sisi tupite na gurudumu linapiga kelele kama tunapeleka bibi arusi?"

"Mama atavuka."

Alinitazama. Alijua. Macho yake yalikuwa kama ya mtu amebeba kitu kizito na bado anaongezewa. "Nyathina," akasema, "nyungu zangu zinapita hii barabara kila mwaka. Siku yangu ikifika, nani atasimama?"

Akajifunga leso kiunoni, akaingia akilia, kilio cha kweli, utafikiri ni ndugu yake. Ukishaingia matanga ya watu na mkokoteni umejaa nyungu, hutoki hivi hivi. Zetu zilichotewa maji ya wageni, sisi tukapewa pa kulala, na mazishi yalikuwa kesho yake. Huyo marehemu nilimlilia kuliko watoto wake. Wakina mama wakanishika, wakasema huyu mtoto ana moyo mzuri. Mimi nilikuwa nalilia boti.

Tulifika Sindo jioni ya siku iliyofuata mazishi. Harufu ya omena ilitangulia kutupokea, lakini ilikuwa ya zamani. Nyavu za kukaushia zilikuwa zimekunjwa. Maboti yalikuwa yamevutwa nje, mengine yamelazwa kifudifudi, na kuku walikuwa wanatembea pale wanawake walitakiwa kuwa. Mama mmoja tuliyemjua kwa jina la Nyar Karungu, aliyekuwa analala chumba kimoja na Mama, alitoka akikausha mikono.

"Woi, Dani! Jana! Ameenda na boti ya jana jioni. Alisimama hapo barabarani tangu asubuhi, mwenye boti anamtukana, abiria wanamtukana, yeye anasema ngojeni kidogo, naona vumbi. Vumbi lenyewe ni la mbuzi."

Odero alianza kuwafungua ng'ombe bila kupiga mluzi. Dani akakaa kwa jiwe, akavua viatu, akavitazama.

Nyar Karungu akaingia ndani akatoka na mfuko wa karatasi. "Amekuachia hii, ya Krismasi, kama hamtaonana."

Lilikuwa rinda la manjano lenye kola nyeupe. Nililivaa hapo hapo juu ya nguo zangu. Halikupita mabega. Nikavua nguo zangu nikajaribu tena, likaingia, mikono ikakwama juu kama mtu amesimamishwa na polisi. Lilikuwa ni rinda la yule mtoto aliyemuacha. Mama alikuwa amepima kwa macho yake ya mwaka mzima nyuma.

Nilingoja Odero acheke. Hakucheka. Dani akasema, "Tutampelekea mtoto wa jirani, hili halikutoshi." Nikakataa kulivua. Nikala samaki nikiwa nimelivaa, nikalala nikiwa nimelivaa, na lilipopasuka kwapani sikumwambia mtu.

Siku hizi hiyo barabara unaipita na boda ukiwa bado na chai moto tumboni. Kijana anakubeba na sikio moja limezibwa na muziki, anapita matanga bila kupunguza mwendo, na hata mwenye matanga hashangai. Binti yangu ananitumia picha mpaka za sahani aliyolia chakula. Najua uzito wake, najua kucha zake, najua amebadilisha nywele kabla hajatoka saluni. Hawa watoto hawajui kumkosa mtu. Hawajapata nafasi. Nawacheka, na nikiwa peke yangu nawaonea wivu.

Dani alipofariki nilitazama barabara. Walisimama wengi kuliko tuliowajua. Mama aliachana na omena mimi nikiwa mkubwa tayari, akarudi nyumbani. Sasa amezeeka, tuko naye, tunaongea kila siku na tunacheka. Mimi nimekuwa mama wa kukaa viti viwili, hata mlango nauingia kwa heshima. Na kila Mama akienda soko, anarudi na blauzi ameninunulia, amefurahi, ameikunjua mbele yangu. Ni ndogo. Ni ndogo kila mara. Naiinua, naitazama, namwambia asante Mama, umepata saizi yangu kabisa.