Pigo Moja Mbele ya Kanisa

Siku zote za mwaka Myrtle hakumjua mumewe. Wilbert Gault alimpelekea keki ya tangawizi kwenye nyumba ya wazee, akamfuta makombo kidevuni, naye Myrtle akamshukuru kama unavyomshukuru mgeni: "Asante, bwana. Una roho nzuri. Umeoa?"

Ila tarehe kumi na mbili ya Julai, gwaride la kila mwaka la chama chao cha Waprotestanti likipita chini ya dirisha lake, akimwona na ile kofia nyeusi ya mviringo na ukanda wa rangi ya chungwa shingoni, aliinua mkono akaita, "Wili!" Mara moja kwa mwaka. Wilbert aliwahi kuvaa vilevile mwezi wa Novemba, akaenda kusimama mbele ya kitanda. Myrtle akamuuliza kama amekuja kutengeneza bomba. Zilihitajika ngoma, na watu, na barabara ile.

Na kuifikia barabara ile ilibidi gwaride lipite kwanza mbele ya kanisa la Wakatoliki. Tume ya serikali inayotoa ruhusa za magwaride ilikuwa imeandika: mbele ya kanisa hakuna wimbo, ni ngoma moja tu, pigo moja moja la kushika mwendo. Wakivunja, mwakani njia inafungwa. Wilbert, msimamizi wa gwaride tangu astaafu kubeba barua, ndiye aliyekaa na wakazi wa pale Machi na Aprili nzima, akanywa chai yao, akatoa ahadi.

Asubuhi ya gwaride, sala ilipokwisha kwenye ukumbi wa chama, alimfuata Dessie Mawhinney, mpiga ngoma, baba mzima mwenye shingo nene.

"Dessie ndugu yangu, pigo moja moja. Nakuomba."

"Mara ya nne hiyo, Wilbert. Siku hizi hata hatujui wewe ni ndugu yetu au shemeji wa polisi."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Lakini pigo moja."

Mbele ya kanisa polisi walijipanga pande zote mbili, na nyuma yao wakazi wamesimama na mabango, kimya. Ndu. Ndu. Ndu. Wilbert alikuwa akiomba Mungu moyoni, hatua kwa hatua. Zilipobaki kama hatua thelathini kuumaliza ukuta wa kanisa, mtu mmoja akapaza sauti nyuma ya polisi:

"Dessie! Mkeo ndiye aliyekuambia upige polepole?"

Utani tu. Watu wakacheka, hata polisi mmoja akacheka. Dessie akawa mwekundu mpaka masikioni. Akainua fimbo zote mbili, na bendi nzima, filimbi na ngoma, ikalipuka kwa wimbo.

Wilbert alikimbia na magoti yake mabovu, akamkamata Dessie mkono. Ilikuwa kama kumkamata fahali. Akamkimbilia mkuu wa polisi.

"Afande, wazuie! Tafadhali!"

"Mzee, nikiwaingilia hapa, damu itamwagika. Kazi yetu leo ni kupiga picha." Akamwonyesha mwenzake mwenye kamera. "Zinakwenda kwa tume."

"Basi msizipige."

Yule mkuu akamtazama kwa huruma. "Na wewe umo pichani, Bwana Gault. Umeonekana ukijaribu. Tutaandika hivyo."

"Itanisaidia nini?"

Mama mmoja wa pale, Dympna McAleer, alimwita juu ya mabega ya polisi. "Wilbert! Chai yangu uliinywa ya nini?" Wilbert akarudi mbio kwenye safu.

Gwaride likapinda kona. Dirishani Myrtle alikuwa amekalishwa kitini, amechanwa nywele. Ngoma hazijawahi kuvuma vile mwaka wowote, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

"Wili! Wili wangu!" Alikuwa akipiga makofi. "Leo mmepiga vizuri! Na mwakani mpige hivihivi, unasikia?"

Wilbert akavua kofia, akaipunga. Alitaka kusimama, lakini safu ya nyuma ilikuwa imeshamfikia visiginoni. Akaendelea kutembea, shingo imegeuka, mpaka dirisha likafichwa na nyumba ya jirani.