Mkunga na Koili ya Gari Jekundu

Mkunga alipostaafu, watu walidhani atakaa kibarazani afume vitambaa. Yeye akanunua gari la spoti, jekundu, la viti viwili, kuukuu kuliko hata kitinda mimba wake. Mumewe akalipa jina siku hiyohiyo: "Mume mwenzangu."

Na huyo mume mwenza alikuwa na maringo yake. Asubuhi likiwaka, mtaa mzima unajua. Likifika posta linakohoa mara mbili, linazimika katikati ya njia. Ukiliacha nusu saa linawaka tena, kama si lenyewe lililokuaibisha. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu alikuna kichwa, akasema, "Mama, liuze."

"Mjamzito akishikwa na uchungu, unamwambia auze tumbo?" mkunga akamjibu, akafunga boneti.

Akaamua kuliuguza mwenyewe. Linazimika lini? Likipata moto. Siku za mvua? Halizimiki. Basi lilipozimika tena mbele ya duka la viatu, alichomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini ikiwa na waya wake, akamwomba muuza viatu azungushe ufunguo. Cheche hakuna. Akagusa koili, kile kikopo kinacholisha plagi umeme, akarudisha mkono mbio: kinaunguza kama pasi! Akakiviringishia kitambaa kibichi, akangoja. Ufunguo ulipozungushwa tena, cheche ikaruka, ya buluu.

"Nimekukamata!" akapiga kelele. Muuza viatu akatoka garini mbio, akidhani anaambiwa yeye.

Kuipata koili nyingine ndiko kulikomtoa jasho. Madukani walimcheka. Muuzaji mmoja aliapa kwenye simu kuwa anayo, akamletea ya trekta. Mwishowe akasikia kwamba kwenye yadi ya vyuma chakavu kuna gari bovu la mikate lenye injini ya ukoo uleule. Mwenye yadi, pande la mtu, hakuinua hata kichwa.

"Siuzi vipande. Chukua gari zima."

Mkunga akalitazama sikio lake la kushoto, lenye kinyama kidogo pembeni. "Kumbe ni wewe! Si ndiwe uliyetanguliza miguu? Siku mbili ulimtesa mama yako."

Jamaa akasimama wima. "Nani kakwambia?"

"Nani alikuvuta? Na ulivyokuwa mbishi!"

Jamaa akachukua spana, akaifungua koili mwenyewe, akaipangusa kwa shati lake. "Shikamoo, bibi," akasema, salamu ikiwa imechelewa sana.

Jumamosi mumewe alikubali kupanda, kwa mara ya kwanza. Walipita posta, wakapita sokoni, wakaukwea mlima wa nje ya mji. Saa nzima injini haikukohoa. Kileleni mzee akajikohoza yeye.

"Sogea, na mimi niendeshe."

"Leseni yako iliisha mwaka gani?"

"Usiniulize mbele za watu."

Pale palikuwa na mbuzi watatu tu. Mkunga akacheka hadi machozi, akatia gia.