Ungo Juu ya Bati

Mwaka ule tulikula viazi asubuhi, viazi jioni. Mahindi yalinyaukia shambani, na hapa Kalenga aliyesonga ugali alifunga mlango kwanza.

Ndipo vijana wa kujitolea walipokuja kutoka Mbeya na ungo wao, watoto wa shule wajifunze sayansi. Paa la shule lilikuwa bovu, mwalimu akauliza nani kwao kuna nyumba imara. Mjukuu wangu akanyoosha mkono. Nilimlea mwenyewe, na darasani alikuwa wa kwanza. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Mimi niliishia darasa la pili. Niliposikia ungo, nikawatolea wangu wa kupepetea.

"Ninao, tena mzima. Wa nini mwingine?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Huu wa kunasa matangazo, bibi. Utawaona watu walioko angani."

Wakapanda juu ya bati, wakaugeuza huku na huku mpaka picha ikatulia.

Jioni sebule ikajaa. Kwenye televisheni waliyokuja nayo vijana, watu walikuwa wanaelea, miguu juu, kichwa chini, na wanakula. Watoto wakapiga makofi. Jirani yangu, mtani wangu wa siku zote, akasema:

"Mwenzangu, ungo juu ya bati, watu wanaruka sebuleni. Kesho tuamkie wapi?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wiki ileile mjukuu mchanga wa jirani akafa kwa homa. Nikaenda msibani na kuni kichwani. Wanawake wakasogea, wakaniachia mkeka mzima. Kuni zangu hazikuwashwa.

Mimi mjane, kikongwe, macho mekundu ya moshi, na sasa nina ungo juu ya bati. Wenzangu wa namna hiyo najua walivyokufa.

Nikawaita wale vijana wauteremshe. Mjukuu wangu akang'ang'ania ngazi, analia: "Bibi, mimi nitajifunzia wapi?" Vijana wakaanza kunieleza sayansi. Nikawakatiza:

"Sitaki ungo juu ya nyumba yangu."

Ukateremshwa. Mjukuu wangu, aliyetaka kusomea mambo ya anga, leo anashona sare za shule huko Iyunga. Jirani yangu ananisalimia vizuri tu, ila hajanitania tena.

Juzi mjukuu alipiga simu. "Bibi, siku hizi kila nyumba ina ungo. Nikuletee?"

Nilisikia cherehani yake ikisimama, ananisubiri.

"Sitaki ungo juu ya nyumba yangu."