Testa ya Cheche

Siku daktari alipomwambia Cheche kwamba doa jeusi analoliona katikati ya kila anachokitazama halitaondoka, bali litazidi kukua, alirudi nyumbani akamwambia mkewe ni vumbi tu. Fundi umeme wa magari asiyeona ni nani? Ni mzee anayeziba njia gereji, basi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwacheka mafundi wenzake, hasa yule wa ng'ambo ya barabara aliyempachika jina la Bahatisha. Sasa alikuwa ameacha kuwacheka.

Wateja walishapukutika. Alibaki shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pikapu inayovuta trela la tangi la maji. Asubuhi hiyo aliingia gereji jasho likimtoka.

"Shemeji, trela halishiki breki! Jana kwenye mteremko limenisukuma, nusura niingie dukani kwa watu."

"Si ungenunua na mkate kabisa? Haya, kaa humo ndani, kanyaga breki."

Breki za trela lile ni za umeme: dereva akikanyaga, moto, yaani umeme, hutoka kwenye pikapu ukapita kwenye waya hadi soketi ya nyuma. Cheche alichukua testa yake, balbu ndogo aliyoiunga mwenyewe kwenye nyaya mbili, akagusisha kwenye soketi. Giza.

"Kanyaga bwana!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho!"

"Basi moto haufiki. Waya umekatika njiani."

Akajilaza chini ya gari kuusaka. Akachana utepe wa gundi, akafumua fungu zima la nyaya, akakata hapa na pale ili apime, na kila alipopima ni giza. Zamani angeanzia kwenye trela, kwenye waya wa bodi unaorudisha umeme, maana huo ndio huliwa na kutu. Lakini testa imesema moto haufiki, na testa ile haijawahi kumdanganya. Kufika mchana nyaya zilikuwa zinaning'inia kama utumbo, na yeye hakuweza tena kujua ipi nyekundu, ipi bluu.

Akaona aijaribu testa yenyewe. Aliishika balbu vidoleni, akagusisha nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, betri ile ile iliyowasha gari asubuhi. Giza tena. Shemeji alikuwa ameshashuka, amesimama ubavuni pake.

"Balbu imeungua," Cheche alisema. "Au wewe unaonaje?"

Shemeji aliitazama balbu, kisha akamtazama Cheche usoni.

"Ndiyo, shemeji. Imeungua kweli. Kesho nitakuletea nyingine."

Tangu siku ya posa watu hawa wawili hawajawahi kujibizana bila utani, na sasa sauti hii ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa. Na balbu ilikuwa ya moto. Ilimchoma ncha za vidole, naye hakuiachia. Ilikuwa inawaka. Iliwaka tangu asubuhi, na nyaya zote zile alizozikata zilikuwa nzima. Cheche aliingiwa na hofu ambayo hata kwa daktari hakuipata.

"Kaangalie waya wa bodi kwenye trela," alisema hatimaye. "Utaukuta umeoza kwa kutu. Na hizi nilizozifumua, kamwite Bahatisha azipange."

"Na wewe je?"

"Mimi nitamshikia tochi."

Shemeji hakucheka.