Kiota Kisicho na Utepe

Saa kumi na moja na robo alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba, na Mkamburi Kilelu yuko msituni tayari. Amekalia gunia, mgongo kwenye shina la mti. Miguuni ana malapa, na matope yamempanda hadi vifundoni. Anasikiliza.

Ndege anaimba. Si sauti kubwa: filimbi mbili tatu za chini, kimya, halafu tena.

"Huyo dume," anatunong'oneza sisi waandishi. "Yupo. Basi na mkewe yupo."

Kwa miaka sita, kazi ya mama huyu wa miaka hamsini na nne ilikuwa kutafuta viota vya ndege mmoja tu: wa kahawia, mdomo wa rangi ya chungwa, asiyepatikana popote duniani ila kwenye vilele hivi vya Taita vinavyolala na mawingu. Mradi wa kuwahifadhi ndege hao ulimlipa shilingi mia saba kwa siku. Majirani walimbandika jina la Mama Ndege, na hawalitamki kwa heshima.

"Mama Ndege, leo umewakuta wamepika nini?" anamtania shemeji yake, Ngeti, akipita na kuni begani.

"Wamepika funza. Karibu, shemeji, wewe si una njaa kila siku?"

Ngeti anacheka mpaka kuni zinataka kumponyoka. Mkamburi hacheki.

Ana sababu. Msitu huu ni ekari arobaini tu, umebanwa na mikaratusi na mashamba ya kabeji. Ndege wake hula chini, akipekua majani yaliyooza kutafuta minyoo na wadudu, na pasipo kivuli hakanyagi. Msitu wa pili upo ng'ambo ya bonde, unamwita mtu akaitika. Ndege hawavuki.

"Mwanga unawatisha kuliko mwewe," anasema. "Aliyezaliwa hapa atafia hapa. Wasipozaa, basi, habari yao imekwisha."

Alipoanza kazi aliwahesabu kumi na wanane. Leo wamebaki watano, na jike ni mmoja.

Si kwamba hawatagi. Wanataga. Viota tisa aliviona kwa macho yake, kila kimoja na mayai mawili ya kijani cha samawati, na vyote tisa vikaishia maganda matupu. Alisingizia nyoka. Alisingizia mvua. Alimsingizia hata Ngeti, masikini, na panga lake.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja: ukiona kiota, hesabu hatua tano, funga utepe mwekundu kwenye tawi, andika namba. Ukungu wa huku humpoteza mtu ndani ya shamba lake mwenyewe, kwa hiyo utepe una maana. Na hakuna aliyefunga vizuri kama Mkamburi. Alisifiwa kwa hilo.

Mwaka jana, baada ya kile cha tisa kupata mayai, aliamua kukaa akilinde. Siku ya tatu alishuka kima jike, mtoto kamning'inia tumboni.

"Akaushika utepe, akaunusa, akageuka, akaenda moja kwa moja. Hakutafuta, mwanangu! Alienda kama mtu anayefungua kabati la kwake. Nikapiga kelele, nikarusha mawe. Alishakula."

Hakutaka kuamini. Wiki iliyofuata alifunga utepe kwenye kichaka kisicho na chochote. Siku ya pili kima watatu walikuja, wakakichambua kichaka chote, wakaondoka na hasira zao.

"Nililia palepale. Tisa! Mimi ndiye niliyewaonyesha. Kwa mikono hii, tena kwa fundo zuri."

Alimwendea msimamizi wake, Eliud Mwasaru, kijana wa ukoo wao. Maneno ya siku hiyo hajayasahau.

"Shangazi, kima asome utepe? Mbona mimi shule ilinishinda?"

"Usilete mzaha, Mwasaru. Ondoeni hizo tepe."

"Kanuni imetoka juu. Bila utepe hakuna namba, na bila namba hicho si kiota. Tena nikwambie ukweli: mwakani, Novemba ikiisha bila kiota, hapa panafungwa. Utarudi kwenye kabeji."

Tarehe nane Novemba mwaka huu, Mkamburi alikiona. Kibakuli cha kuvumwani, ule ukoga wa kwenye magome, na vijizizi, kwenye panda ya mti, urefu wa kichwa chake. Jike alikuwa amelalia mayai, akimtazama bila kupepesa.

Utepe ulikuwa mfukoni. Aliushika, akauacha ulale hukohuko. Kwenye daftari aliandika: hakuna.

Kesho yake, hakuna. Keshokutwa, hakuna. Hakupita njia moja mara mbili, wala hakukisogelea tena. Tarehe thelathini Mwasaru alikuja kuchukua daftari, darubini na viatu vya mpira.

"Kweli, shangazi, hukuona hata kimoja?"

Neno moja tu lingemrudishia mkate wake. Ana wajukuu wawili nyumbani, na debe la mahindi linaonyesha chini.

"Macho yamezeeka, baba," alimjibu.

Sasa anakuja bila malipo, kwa malapa. Hakutuonyesha kiota, nasi hatukuomba. Alitoa sharti moja: habari hii isichapishwe mpaka apige simu mwenyewe.

Alipiga Jumanne. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia, au aliye karibu kuanza.

"Mmoja ameruka. Yuko chini na babake, anapekua majani. Mwenzake nimemkuta amekufa chini ya mti, baridi imemmaliza. Nimemfukia."

Tulimuuliza atafanya nini sasa.

"Ng'ambo kule mradi bado upo: wana viota vinne, na vyote wamevifunga utepe. Ndege hawezi kuvuka bonde, lakini mimi naweza. Kesho alfajiri nakwenda kuzifungua tepe zote. Wakitaka kunishtaki, wanishtaki. Andika na jina langu, wasije wakamkamata Ngeti."